Mirathi na wasia za enzi ya ukoloni: uanzie Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au London?

Watu wa pwani wanaofuatilia ukoo wao huja na habari zinazofanana. Babu alifariki miaka ya 1920, alikuwa na shamba la minazi au nyumba ya mawe, na wazee wanasema aliacha karatasi. Ziko wapi? Mmoja anaambiwa aende Unguja, mwingine Nairobi, wa tatu anaapiwa kwamba Waingereza walibeba kila kitu wakakipeleka London. Nauli ni ghali na likizo ni fupi, kwa hiyo ni vizuri kuchagua kabla ya kufunga mizigo.

Mimi naona mlango wa kuanzia hauchaguliwi kwa mahali alipofia mtu, bali kwa sheria iliyogawa mali yake. Wakoloni waliwapanga watu kwa dini na kwa utawala waliohesabiwa kuwa chini yake, na wakaendelea kuwapanga hivyo hata baada ya kufa. Chukua majirani watatu wa Mji Mkongwe mwaka 1910: Mwarabu raia wa Sultani, Khoja, yaani Mhindi, anayehesabiwa raia wa Mwingereza, na Mzungu wa kampuni ya meli. Wa kwanza mirathi yake ilikwenda kwa kadhi. Wa pili ilikwenda mbele ya mahakama ya Waingereza hapo hapo Unguja, na ikizuka kesi, rufaa ilivuka bahari hadi Bombay. Wa tatu alipita mahakama hiyo hiyo, ila kama alikuwa na akiba benki Uingereza, jina lake limo pia katika vitabu vya London. Mtaa ni mmoja na makaburi huenda yako jirani, lakini karatasi zao zimelala mbalimbali.

Huenda unachotafuta si wasia

Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowapotezea watu muda mwingi. Katika sheria ya Kiislamu mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, na hawezi kumwusia mrithi wake mwenyewe isipokuwa warithi wenzake waridhie. Mali iliyobaki hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana. Wengi basi hawakuandika wasia wowote. Ukiingia chumba cha kusomea ukaomba "wasia wa babu", utaambiwa haupo, nawe utarudi nyumbani ukidhani hakuna kitu. Omba mgawanyo wa mirathi. Omba hati za wakf, yaani mali iliyowekwa isiuzwe ili faida yake iwaendee waliotajwa. Omba hati za mauzo zilizofuata kifo, kwa sababu warithi walipouza shamba ilibidi waorodheshwe wote.

Na mgawanyo husema mengi kuliko wasia. Wasia humtaja yule ambaye marehemu alitaka kumtaja. Mgawanyo humtaja kila mwenye haki, apendwe asipendwe. Tuseme umepata karatasi iliyochakaa, majina hayasomeki, yamebaki mafungu tu: moja, moja, nne, nne, nne, mbili. Jumla ni 16. Wake wa mtu aliyeacha watoto hupata thumuni kwa pamoja, na thumuni ya 16 ni 2, basi hao wa fungu moja moja ni wake wawili. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike: wana watatu wa mafungu manne manne, na binti mmoja wa mawili. Hapo umeshaijua nyumba nzima kabla hujasoma jina hata moja, na umejua pia kwamba mama na baba wa marehemu walikuwa wamekwisha kutangulia, kwani wangekuwa hai wangepata sudusi yao, yaani moja ya sita, kila mmoja.

Lakini kuna wanaokosekana kwa sababu za kisheria. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alibatizwa Aden mwaka 1867 akaitwa Emily Ruete, na alihangaika miaka mingi kudai urithi kwa ndugu zake bila mafanikio. Kama kwenu kuna shangazi aliyeingia kanisani, usishangae kutomwona kwenye orodha ya kadhi. Kutokuwepo kwake huko hakumaanishi hakuwa mtoto wa nyumba ile. Kinyume chake, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake hurithi sawasawa na mtoto wa mke, na mgawanyo haumtofautishi.

Unguja

Kwa familia zenye asili ya Unguja na Pemba, popote zilipo leo, iwe Tanga, Muscat au London, hapa ndipo ningeanzia bila kusita. Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani. Ofisi ilianzishwa mwaka 1956, na imehifadhi karatasi za ubalozi wa Uingereza uliofunguliwa mwaka 1841, za serikali ya Sultani, na za mahakama. Humo mna madaftari ya hati zilizosajiliwa, nyingi zikiwa za Kiarabu: mauzo, rehani na bei khiyar, ile ya kuuza kwa sharti la kuikomboa mali baadaye. Hati ya shamba hutaja jina la muuzaji na nasaba yake, idadi ya minazi au mikarafuu, na mipaka minne kwa majina ya majirani. Mtu anayetafuta babu mmoja anaweza kuwapata na majirani zake wanne, na mara nyingi majirani wale ni ndugu.

Juu ya hati hizo zote naweka wakf. Tume ya Wakf Unguja ilianza mwaka 1905, na leo kazi yake iko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo hushughulika pia na mirathi ya Waislamu. Mwenye nyumba aliyeiwekea wakf dhuria wake aliandika nani afaidike, kizazi baada ya kizazi. Kila mfaidika alipokufa, au wafaidika walipogombana, jalada liliongezeka. Wasia ni picha ya siku moja. Jalada la wakf linaweza kufuata ukoo mmoja kwa miaka 50. London na Nairobi hazina kitu cha kulinganisha na hilo.

Na wakf ndiyo mahali ambapo wazao wa watumwa wana nafasi ya kuwaona wazee wao kwa majina. Kulikuwa na matajiri walioweka nyumba au vipande vya shamba kwa ajili ya watu waliowaacha huru na watoto wao, na majina yaliandikwa. Mirathi pia husaidia: aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi kwa nasaba, aliyemwacha huru au wazao wake walikuwa na haki katika mali yake, na kwa hiyo walijitokeza mbele ya kadhi kudai. Kesi za namna hiyo hueleza marehemu alikuwa nani, aliachwa huru na nani, aliishi wapi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria ya 1909, kwa hiyo kesi hizi ziliendelea kwa muda mrefu baadaye. Kusoma karatasi ambayo bibi yako ametajwa kama mali ya mtu ni jambo zito. Usiende peke yako kama unaweza kwenda na ndugu.

Ugumu wa Unguja ni mwandiko. Madaftari ya zamani ni ya Kiarabu, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kalamu ya karani wa kadhi ilikimbia. Mtu aliyezoea kusoma msahafu hatayaelewa mara moja, kwa hiyo mtafute aliyezoea miandiko ya hati. Tarehe nazo ni za Hijria: mwaka 1315 unaanzia Juni 1897, wala si wakati mwingine wowote unaoweza kuubahatisha. Na jiandae kwamba utafutaji unafanyika pale pale, kwa mkono, jalada baada ya jalada.

Mombasa na Nairobi

Kenya inashinda Unguja kwa jambo moja kubwa: unaweza kuanza ukiwa kitandani na simu mkononi. Gazeti la serikali lilianza kuchapishwa Novemba 1899, na matoleo mengi ya zamani yamewekwa kwenye intaneti bure. Mtu alipoomba mahakama imkabidhi mirathi, tangazo lilitolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hutaja marehemu, mahali na tarehe ya kifo, mwombaji, mara nyingi na uhusiano wao, na kama kuna wasia. Ni mistari michache tu, lakini inakupa mambo mawili usiyoweza kuyakosa: tarehe, na namba ya shauri. Ukiwa na namba ya shauri, karani wa mahakama au wa nyaraka anaweza kukusaidia. Bila namba, unamwomba akutafutie sindano.

Kutafuta kwenye gazeti kuna ufundi wake. Kompyuta ilisoma kurasa zilizofifia, kwa hiyo herufi hukosewa. Jaribu Mohamed, Muhammad na Mahomed. Jaribu Seif na Sef. Jaribu jina la baba peke yake pamoja na "bin" au "binti". Jaribu jina la mtaa. Andika pia neno la Kiingereza "deceased" pamoja na jina, maana ndilo lililorudiwa katika kila tangazo la aina hii.

Walioonekana zaidi katika gazeti la miaka ya mwanzo ni Wazungu, Wahindi, na Waarabu na Waswahili wenye mali ya kusajiliwa. Mkulima wa bara ambaye ardhi yake iligawanywa na wazee wa ukoo hayumo. Sheria moja ya urithi kwa Wakenya wote ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kabla ya hapo kila jamii ilikuwa na sheria yake, na mila haikuhitaji tangazo.

Baada ya gazeti kuna njia mbili. Nyaraka za Taifa za Kenya, zilizo Moi Avenue jijini Nairobi katika jengo lililokuwa benki, zina majalada ya mahakama na ya Mdhamini wa Umma, aliyesimamia mali za waliokufa bila msimamizi. Njia ya pili ni Mombasa kwenyewe: Mahakama ya Kadhi, na ofisi ya ardhi. Hii ya ardhi watu huidharau, nami ningeiweka juu ya Nairobi kwa familia ya pwani. Chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, waliodai ardhi katika ukanda wa pwani walitakiwa kueleza waliipataje. "Nilirithi kwa baba, naye alirithi kwa mama yake" ni jibu la kawaida kabisa, na hapo una vizazi vitatu katika dai moja. Waliochelewa au waliokosa kusikia habari ya sheria ile walipoteza ardhi zao, na wazao wao wanaishi na matokeo yake mpaka leo. Kwa hiyo ukikosa jina la babu katika madai hayo usihitimishe kwamba hakuwa na shamba.

Dar es Salaam, na karatasi za Wajerumani

Tanganyika ina tabaka mbili, na inabidi ujue unachimba lipi. Kama marehemu alifariki kabla ya vita vya 1914 hadi 1918, unatafuta karatasi za Wajerumani, ambazo Nyaraka za Taifa pale Upanga wanaziorodhesha chini ya herufi G. Wajerumani walikuwa na mahakama kwa Wazungu, na kwa Waafrika, Waarabu na Wahindi mamlaka yalikuwa kwa mkuu wa wilaya, akisaidiwa na maliwali na makadhi. Serikali yao ilitumia Kiswahili kazini, kwa hiyo ndani ya jalada la Kijerumani unaweza kukuta barua ya Kiswahili ya mjane akidai haki yake. Maelezo ya ofisa, hata hivyo, yako katika ule mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hauwezi bila kujifunza. Majina nayo yalivaa tahajia yao: Rashidi ni Raschidi, Juma anaweza kuwa Djuma.

Berlin je? Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani huko Lichterfelde ina karatasi za wizara ya makoloni, mfululizo wa R 1001, na sehemu kubwa inasomeka bure mtandaoni. Lakini hizo ni za wizara: sera, bajeti, ripoti. Anayetafuta ofisa au mfanyabiashara wa Kijerumani aanzie huko. Anayetafuta mwenye duka wa Pangani aende Upanga.

Kwa waliofariki wakati wa Waingereza, pitia gazeti la serikali ya Tanganyika kwa matangazo, kisha uliza Mahakama Kuu na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambayo imerithi kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Mirathi ndogo za mijini na vijijini zilimalizikia katika mahakama za maliwali na za wenyeji, na vitabu vyake havikutunzwa kwa usawa. Hapo Dar es Salaam iko nyuma ya Unguja kabisa, na sioni sababu ya kumpa mtu matumaini makubwa.

Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo ambaye jina lake liko kwenye jengo la hospitali ya Muhimbili mpaka leo, anaonyesha mambo yanavyochanganyika. Aliishi na kufanya biashara katika koloni la Wajerumani, asili yake ilikuwa India ya Waingereza, na alifariki Unguja mwaka 1897. Anayetaka habari za mali ya mtu kama huyo atapita tawala tatu. Wahindi wengi wa kawaida waliishi hivyo hivyo, duka Bagamoyo, kaka Unguja, mama Kachchh.

London na Bombay

London ndiyo rahisi kuliko zote kuitafuta, na kwa wasomaji wengi wa makala hii ndiyo yenye faida ndogo. Tangu mwaka 1858 kuna orodha ya kila mwaka ya mirathi zilizothibitishwa Uingereza na Wales, na inatafutika mtandaoni kwa jina la ukoo na mwaka wa kifo. Kila mstari unataja marehemu, anuani, tarehe na mahali pa kufa, waliokabidhiwa mali, na thamani yake. Ukipata mstari, unaagiza nakala ya wasia kwa ada. Ada hubadilika, iangalie siku ile unapoagiza.

Sheria ya mwaka 1892 iliruhusu mirathi iliyoamuliwa kolonini kupigwa muhuri tena London ili mali iliyoko Uingereza iachiliwe. Ukiona katika mstari huo kwamba hati ilitolewa Nairobi au Unguja kisha ikapigwa muhuri London, basi jalada lenye ushahidi na majina ya watu liko kule ilikotolewa kwanza. London ina nakala tu. Hapo ndipo ile imani kwamba "Waingereza walibeba kila kitu" inapowadanganya watu.

Ni nani basi aanzie London? Mwenye babu Mzungu, na mtu ambaye mama au bibi yake alizaa na Mzungu. Wasia za walowezi zilitaja wapishi, mayaya na madereva waliopewa pensheni au kiasi cha fedha, na mara nyingine mtoto ambaye nyumba haikumtaja kwa sauti. Kwa familia hizo ni hatua ya dakika chache ambayo haifai kuiruka.

Wahindi waangalie upande mwingine. Maktaba ya Uingereza ina wasia na mirathi za India kutoka Bengal, Madras na Bombay, na sehemu yake iko kwenye tovuti ya kulipia ya Findmypast. Nyingi ni za Wazungu wa India, lakini mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa na mali Bombay ana sababu ya kuwamo katika karatasi za huko, na kesi kubwa za rufaa zilichapishwa katika ripoti za mahakama ya Bombay. Kwa Khoja, Bohora na Bhatia, mimi ningepanga hivi: mahakama ya Waingereza katika nyaraka za Unguja kwanza, jamatikhana au jumuiya yao pili, Bombay tatu, London mwisho.

Kabla ya kulipa nauli

Raia katika nchi yake huingia kwa kitambulisho na ada ndogo. Asiye raia huhitaji kibali cha utafiti, na kibali huchukua muda, hivyo ndugu aliyezaliwa Muscat au Toronto mwenye pasi ya huko aombe mapema au amtume binamu yake aliyebaki nyumbani. Kenya na Tanzania bara, majalada ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo ya enzi ya ukoloni hayana kizuizi hicho. Tatizo huwa kama mahakama ilishayapeleka kwenye nyaraka au bado yamekaa kwenye stoo yake. Uliza hilo kwa simu kabla ya kusafiri.

Fedha iliyotajwa itakusaidia kukisia tarehe pale ambapo tarehe imeliwa na mchwa. Reale zinaelekeza karne ya 19. Rupia yenye heller 100 ni ya Wajerumani baada ya 1904. Unguja iliendelea na rupia mpaka shilingi ilipoingia Januari 1936, wakati bara walikuwa wameshazoea shilingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mgawanyo wa Unguja uliohesabiwa kwa shilingi, basi, si wa 1928.

Jambo la mali lisemwe wazi pia. Hati ya babu ya mwaka 1915 inathibitisha kwamba babu alikuwa na shamba mwaka 1915. Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali mwaka 1964, na kwingineko mashamba yameuzwa, yamegawanywa, yamechukuliwa. Familia zimevunjika kwa sababu mtu mmoja alirudi na fotokopi akaanza kuwadai wenzake. Waambie wazee mapema unatafuta majina, na kama una nia ya dai lolote, hilo ni la wakili, lishughulikie mbali na kazi hii.

Ukilipata jalada, omba lote. Karani atataka kukupa hukumu au ukurasa wa mgawanyo, kwa sababu ndiyo watu wengi wanaoiomba. Nyuma yake kuna orodha ya vyombo vya nyumbani, risiti ya mazishi, madai ya wenye duka, na ushahidi wa watu walioapa kwamba walimfahamu marehemu na wazazi wake. Shahidi huulizwa amejuaje, naye hujibu: "Mama yake na mama yangu walinyonya ziwa moja." Jibu la namna hiyo halimo kwenye hukumu.